Kijito Kilichogoma Kuvuka Barabara

Ofisini walimwita Bi Shaka, na si kwa mapenzi. Mchora ramani huyu wa ofisi ya bonde la mto ukimletea chai, anauliza kwanza nani kaipika. Juzi tu ukuta wa chumba chake cha kulala ulipoanza kubambuka rangi kwa unyevu, alimtimua fundi bomba na kumwita tapeli, ingawa maskini fundi alimwapia kwamba mabomba yote ni mazima.

Asubuhi hiyo alikuwa akimalizia ramani ya vijito vyote vya bonde. Kazi yenyewe, ukishaijua, haina uchawi. Vipimo vya miinuko ya ardhi vilivyopigwa na setilaiti vinapatikana bure mtandaoni. Unaviingiza kwenye kompyuta, nayo inakuonyesha tone la mvua likianguka hapa litateremkia wapi. Kisha unalinganisha na ile ramani huria, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuichora na kuirekebisha. Ramani ya ofisi ikipitishwa, nyumba zilizokaa kwenye njia ya maji zitabomolewa. Mojawapo ilikuwa ya mama yake mzazi. Jambo hilo lilimnyima raha, lakini hakuwa mtu wa kupindisha mstari.

Kumbe yuko aliyeupindisha. Kwenye ramani huria, kijito hakikupita tena nyuma ya nyumba ya mama. Kilifika barabarani, kikagoma kuvuka, kikakata kushoto na kuambaa na tuta la barabara mpaka mtaani kwake yeye Bi Shaka. Aliyechora alijiita Kiwanja Safi. Jina hilo lilikuwa kwenye kibao cha mtu mmoja tu: dalali wa viwanja, mume wa mdogo wake, anayeishi na mkewe hapo hapo kwa mama mkwe.

Damu ikamchemka. Dalali! Alijua tangu siku ya posa kwamba yule mtu ana lake jambo. Akampigia simu papo hapo.

"Shemeji, kijito umekifanya nini?"

Dalali akasema, "Njoo barabarani, shemeji. Mvua imekatika sasa hivi, utaona."

Bi Shaka alikwenda, begi kalibana kwapani kama anakwenda kukutana na kibaka. Alimkuta dalali kakunja suruali hadi magotini, matope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," alijibu shingo upande. "Umeokoa pa kulala, sivyo? Pa kwenu pasibomolewe, pabomolewe kwangu!"

"Tazama maji kwanza. Matusi utanimalizia baadaye."

Akatazama. Maji yalishuka kwa fujo, yakafika kwenye tuta, yakakata kushoto sawasawa na mstari wa dalali. Vile vipimo vya bure vilipigwa kabla tuta halijajengwa, kwa hiyo kompyuta haikulijua, wala haikulijua kalavati, lile bomba kubwa la zege la kupitishia maji chini ya barabara. Na yeye, pamoja na shaka zake zote, hakuwahi hata siku moja kuishuku kompyuta. Akaukumbuka ukuta wake. Akamkumbuka fundi bomba, na aibu ikamshika.

"Kalavati limeziba?"

"Limezibwa."

Bi Shaka akainama. Ndani ya kalavati kulikuwa na magunia ya chakula cha kuku yaliyojazwa mchanga, yamepangwa vizuri mno, midomo imeshonwa kwa uzi wa kijani, mshono wa kurudia na fundo mwishoni. Sare zake zote za shule zilipindwa kwa mshono ule.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukakaa kimya?"

"Shemeji, yule ni mkwe wangu. Nianzie wapi kumshtaki? Na nimshtaki kwako wewe, ambaye hata salamu yangu unaikagua? Nikaona nichore tu maji yanapopita. Nilijua ramani utaikagua."

Ng'ambo ya barabara mama alitokeza mlangoni, kanga kajifunga kiunoni, akapaza sauti kwa furaha ya kumwona bintiye siku ya kazi.

"Mwanangu! Ule ukuta wako umekauka?"

"Bado, mama. Maji unayoyazuia wewe ndiyo yanayokuja kwangu."

Mama akashika mdomo. Alivuka barabara polepole, akasimama juu ya kalavati.

"Mimi nilitaka tu yasiingie ndani," alisema. "Yanakokwenda sikuuliza."

Ilimuuma Bi Shaka kuliko kama mama angemkasirikia. Akavua viatu, akashuka majini, akalivuta gunia la kwanza mpaka likang'oka. Dalali akashuka kumsaidia, na safari hii Bi Shaka hakumkagua.

"Fungasha vitu vyako, mama. Unahamia kwangu leo leo, wewe, mdogo wangu na mumewe, kabla sijalitoa gunia la mwisho."

Mama alimtazama bintiye, akamtazama dalali, akamrudia bintiye, macho kayafinya. Bi Shaka aliyajua macho yale. Ndiyo yeye mwenyewe aliyokuwa akiwatazamia watu maisha yake yote.

"Na nyumba yangu," mama akauliza, "mmeshapanga kumuuzia nani?"