Matone ya Omollo na Dawa ya Kunguni

Mimi ni mdaku, wala sioni haya kusema. Jambo likinitatiza, silali. Kwa hiyo mume wangu Omollo alipoanza kutokwa na mate kama mtoto anayeota meno, jasho likimvuja na tumbo likimkimbiza choo, majirani zetu wa mtaa wa Satellite walisema amerogwa. Mimi nikaanza kuchunguza.

Omollo hupuliza dawa ya kunguni katika nyumba za watu. Ana pia presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima, na matone ya kawaida yalipoanza kushindwa na la kulia, Daktari Nzula wa kliniki moja mjini alimpa matone mengine, ya zamani, ambayo siku hizi ni adimu. Presha ikashuka. Mate nayo yakaanza.

"Hii dawa ya macho ndio inanimaliza," Omollo akasema. "Naacha."

"Ukiacha utaona na nini, Baba Quincy?"

Niliogopa sana. Lakini kuna kitu nilikuwa nimekiona: Jumapili, matone akiwa ametia kama kawaida, aliimba kanisani mzima kabisa. Akitoka kupuliza, alikuwa akirudi hoi. Nikamuuliza kama sumu haimwingii.

"Si mimi hukunywa maziwa?"

Wapulizaji wote anaowajua huamini hivyo. Ukimaliza kazi unakunywa pakiti ya maziwa, basi sumu imekwisha. Miaka yote hiyo hakuwahi kuugua. Kwa nini augue sasa?

Nikamburuta hadi kliniki. Daktari akasikiliza habari ya mate na tumbo, akakunja uso.

"Mzee, kazi yako ni gani?"

"Biashara."

Kumbe ndivyo alivyojibu tangu siku ya kwanza! Omollo hataki watu wa ofisi wajue anaua kunguni. Lakini mficha uchi hazai.

"Daktari, huyu anapuliza dawa ya kunguni," nikasema. Omollo akanikata jicho.

Nikatoa mkobani chupa ya dawa yenyewe, nimeifunga vizuri kwa karatasi za plastiki zinazoonyesha ndani. Daktari akasoma maandishi bila kuigusa, akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba neva zikituma amri, mwili una kitu cha kuizima amri hiyo ikishafanya kazi. Matone yanakizuia kitu hicho ili maji ya jicho yapate njia ya kutoka. Dawa ya kunguni inakizuia hicho hicho. Zikikutana mwilini, amri hazizimiki: mate, jasho, tumbo, na mwisho hata pumzi inaweza kukwama.

"Na maziwa?" nikauliza.

"Maziwa haisaidii, mama."

Nilifurahi mno kupata jibu, hadi nilipomtazama Omollo.

"Kwa hivyo nichague," akasema polepole. "Kazi ama jicho."

"Ndiyo, mzee. Matone ingine tulishajaribu zote."

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la nje, katikati ya wagonjwa. Kisha Omollo akampigia simu mteja wake wa mtaa wa Woodley aliyekuwa akimngoja kesho yake.

"Tafuta mtu mwingine wa kunguni," akasema kwa sauti. "Hapana, si kesho tu. Nimeacha kabisa. Nataka kuendelea kuona bibi yangu, hata na hiyo mdomo yake."

Benchi zima likanigeukia. Nikalia pale pale mbele yao.