Anakopitia Mwanangu

Karani wa takwimu alipopiga hodi kutuuliza jana kila mmoja wetu alikwenda wapi, kwa nini, na kwa usafiri gani, nilimpa kiti kizuri kuliko vyote. Serikali ilitaka kujua watu wanavyosafiri. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: mwanangu akitoka kazini hupitia wapi hata anafika kwangu giza limeshaingia, kisha ananiambia eti basi lilichelewa.

Jibu nilikuwa nalo moyoni. Anapitia kwa mkwewe. Yule mama wa mkewe, mwenye maneno ya asali, ananinyang'anya mtoto niliyemzaa mimi. Nina wivu, sikatai. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Huyu akitoka kazini anakuja moja kwa moja nyumbani," nikamchokoza mwanangu, aliyeketi kando ya mkewe. "Andika hivyo."

"Samahani, mama," karani akasema. "Kila mtu mzima anajisemea mwenyewe. Tuanze na wewe. Jana ulitoka?"

"Jioni, mpaka kituoni. Kununua chumvi."

"Chumvi si ipo, mama?" mkamwana wangu akadakia, macho chini. "Ulikwenda kuangalia kama ameshashuka."

Nilimkata jicho. Karani, mtu wa watu, akaandika chumvi.

Ikawa zamu ya mwanangu. Alipanda basi kazini, sawa. Akashuka wapi? Akakohoa, akamtazama mkewe.

"Kwa mama mkwe."

"Si nilisema!" Nikajipiga paja. "Anakupikia nini huyo ambacho mimi sikijui? Mimi nimekulea kwa jasho, yeye anakuja kuvuna asichopanda!"

"Hanipikii kitu, mama. Ananipa kiti, halafu anaendelea na cherehani yake."

"Basi?"

"Basi."

Hilo liliniuma kuliko sufuria kumi za nyama. Chakula ningeweza kushindana nacho.

"Na dhumuni la safari?" karani akauliza taratibu, kalamu juu.

"Kupumzika."

"Kupumzika na nini?" Nikasimama. "Hapa nani anakuchosha? Mkeo? Mimi? Huko kwa watu kuna nini ambacho kwenu hakuna?"

Mwanangu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kwa huruma, kama anayemwamsha mtu usingizini.

"Kule siulizwi, mama."

Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa kumuuliza tangu lini.