Asubuhi ya Vipimo Juu ya Mlima Kigali

Januari 1992, Swafiya aliitwa ofisini na mkuu wake wa kituo cha hali ya hewa, Bwana Cyriaque. Mkononi mwa mkuu kulikuwa na faksi kutoka Ulaya.

"Wanasema unapima vibaya," alisema Cyriaque. "Satelaiti inaona vumbi kidogo angani. Wewe unaandika vumbi nyingi. Wanataka turudishe kifaa."

Kifaa chenyewe kilikuwa kisanduku cha kushika mkononi. Kila mara satelaiti ilipopita juu ya Kigali, Swafiya alikielekeza kwenye jua na kuandika nguvu ya mwanga uliofika chini. Wataalamu wa Ulaya walilinganisha namba zake na za satelaiti. Kwa miezi saba hakukosa hata siku moja, kwa hiyo maneno yale yalimuuma.

"Shefu, kabla ya kukirudisha, nipe asubuhi moja nikijaribu."

"Utajaribu vipi?"

"Nitapanda mlimani siku isiyo na wingu, nipime tangu jua likiwa chini mpaka lipande juu. Kadiri linavyopanda, mwanga unapita kwenye hewa inayozidi kupungua. Nikichora namba hizo, nikaurefusha mstari mpaka pasipo na hewa kabisa, nitapata namba moja. Ikilingana na ile ya cheti cha kiwandani, kifaa ni kizima."

Cyriaque alimpa siku tatu.

Siku ya pili mbingu ilitakata. Baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, alikataa katakata binti yake aende peke yake wakati huo wa vita, akafunga duka na kufuatana naye. Walifika juu kumepambazuka. Swafiya alikuwa hajapima hata mara tatu, koplo mmoja akatokea vichakani, bunduki begani.

"Hii kitu iko nini? Iko redio?"

"Hapana, Kaporali. Inapima vumbi ya hewani. Barua ya ofisi hii hapa."

Koplo aliisoma polepole, akaigeuza, akaisoma tena. Swafiya alitazama jua linavyopanda. Dakika zikipotea, asubuhi yote imeharibika.

Baba yake alikuwa akitazama koti la koplo. "Mwanangu, mkono wa koti lako umeachia begani. Lete nikushonee. Sindano ninayo hapa kwenye kofia."

Koplo alisita, kisha akacheka na kuvua koti. "Muzehe, wewe unatembea na duka?"

"Na wewe una saa nzuri," alidakia Swafiya. "Nisomee saa kila baada ya dakika tano. Mimi nikilenga jua siwezi kuitazama yangu."

Basi ikawa hivyo. Mzee alishona, koplo akiwa na fulana tu aliita saa kwa sauti ya gwaride, na Swafiya alipima na kuandika. Kufikia saa nne koti lilikuwa zima, na daftari lilikuwa na namba arobaini na mbili.

Jioni hiyo alichora. Nukta zilijipanga karibu sawasawa, na mstari ukaishia kwenye namba ile ile ya cheti. Aliruka, akamkumbatia baba yake mpaka futi ya kupimia ikamdondoka shingoni.

Mchoro ulitumwa Ulaya, na faksi ya majibu ikaja baada ya wiki tatu. Cyriaque aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Vituo vingine viwili vilikuwa vimeripoti kama Kigali. Jicho la satelaiti lilikuwa limefifia tangu iliporushwa, na sasa namba za vituo hivyo zingetumika kulisahihisha. Waliomba radhi kwa Mademoiselle Swafiya.

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja akatumwa kuleta Fanta.

Wenzake walipotawanyika, Cyriaque alivuta kiti hadi kwenye meza ya Swafiya, akatoa penseli mfukoni.

"Mimi niliamini faksi kuliko wewe," alisema. "Nisamehe. Sasa nionyeshe, huo mstari unachorwaje?"

Swafiya alimsogezea rula.