Minazi ya Uwandani

Mimi ni Mkristo wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, mjukuu wa Wanyamwezi waliokuja kuchuma karafuu, na kanisani kwetu mjini nimo kwenye kamati ya Haki na Amani. Kazi yangu hasa ni kuwatafsiria wageni. Wanakuja na mioyo mizuri na kofia pana, wanalia kidogo kwenye pango la watumwa Mangapwani, wanapiga picha, wanaondoka. Kwa hiyo Delphine alipokuja sikutarajia lolote kutoka kwake.

Lakini Delphine hakuwa kama wale. Alitoka Kanada, ila si Mzungu. Ni mwenyeji wa asili wa huko, wale waliokuwepo kabla meli hazijafika. Shirika lake la Kikatoliki huwatetea watu wanaonyang'anywa ardhi, wawe wanasali kanisani au msikitini. Tulimpeleka kijiji kimoja upande wa Uroa, ambacho sikitaji jina kwa sababu aibu iliyowapata inatosha. Mwenyeji wetu alikuwa Bi Mwanakheri, mkulima wa mwani. Hoteli moja ilikuwa inautaka uwanda wao.

Uwanda ni ile ardhi ya mawemawe nyuma ya pwani. Wanawake wanaanika mwani pale, wanakata kuni, na anayetaka anapanda mtama wake msimu mmoja kisha anamwachia mwingine. Ni wa kijiji kizima. Mwiko wake ni mmoja tu: hapapandwi mti wa kudumu, maana mti una mwenyewe, na mwenye mti ameshaikamata ardhi iliyo chini yake. Mabwana wa hoteli walikuwa wamehangaika vya kutosha. Wakimwendea huyu anawaambia si wake, wakawaulize wenzake. Wakiwaendea wenzake wanawarudisha kwa yule yule. Niliposimuliwa nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Delphine hakucheka. Aliutazama uwanda kwa muda, akaniambia, "Waambie wapande miti."

"Hapapandwi hapa, mwanangu," Bi Mwanakheri alinijibu. "Mwambie."

Nikamwambia. Akasema, "Kwetu pia hatukupanda. Tulikuwa tunawinda, tunapita, tunarudi. Wakaja watu wakasema hapana mtu hapa, mbona hapana alama. Alama zetu tulikuja kuziweka baadaye, tumeshachelewa. Mpaka leo tumebanwa kwenye kipande walichotukatia. Waambie waweke alama."

Niliyatafsiri hayo na wanawake wawili wakajifuta macho kwa kanga. Hofu ilikuwa imeshaingia kijijini; wapima ardhi walikuwa wanaonekana kila mara. Wazee wakakaa, wakabishana, wakauvunja mwiko. Shirika likaleta miche ya minazi na kila nyumba ikapanda wake. Padri wetu akaomba, imamu wao akasoma dua, tukala pilau. Bi Mwanakheri alipanda mwisho kabisa, kanuna.

"Sasa kila mtu anaujua wake," aliniambia. "Zamani tulikuwa hatujui."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima asiyependa mambo mapya.

Hoteli haikurudi kwa wazee. Ilikwenda kwa Talib, mdogo wake Bi Mwanakheri wa tumbo moja, ikamwambia inaununua mnazi wake na kilicho chini yake. Talib alikuwa na mtoto mgonjwa na nyumba isiyo na paa. Akauza. Simlaumu sana, ingawa nikimwona njiani nageuza uso. Waliobaki walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji, wakakimbilia kuuza kabla bei haijaanguka. Kile ambacho hoteli ilishindwa kukinunua kwa kijiji kizima, ilikipata mti mmoja mmoja. Bi Mwanakheri peke yake alikataa, na ukuta ulipojengwa mnazi wake ukabaki ndani.

Delphine aliporudi Unguja, minazi ilikuwa imeshamzidi mtu kimo. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, lakini alitaka kuona kwa macho yake. Mlinzi wa getini alitukaribisha vizuri sana, akidhani ni wageni wa hoteli. Ndani minazi ilikuwa imestawi, inanyweshewa kwa mipira ya maji asubuhi na jioni. Watu walikuwa wamelala kwenye vitanda pale palipokuwa panaanikwa mwani. Delphine alishika mti mmoja, akauachia, akasema twende.

Tulimkuta Bi Mwanakheri kando ya barabara, ameanika mwani wake juu ya mkeka mkongwe, anafukuza mbuzi.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Kaja na yeye?"

"Kaja. Anasema amekuharibia. Anaomba umsamehe."

Bi Mwanakheri aliendelea kuugeuza mwani. Nikatamani amtukane yule mwanamke, atutukane sote, tuondoke.

"Muulize," alisema hatimaye. "Wao kwao, na zile alama walizokuja kuziweka baadaye, na hayo mashirika na hizo sala. Walirudishiwa ardhi yao?"

Nikauliza. Delphine akatikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo," nilimjibu.

Bi Mwanakheri alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Akausogeza mwani upande mmoja, akapangusa mkeka kwa kiganja, akamwonyesha akae. Delphine alikaa. Mbuzi wakarudi wakaanza kula mwani, na hapana aliyenyanyuka kuwafukuza.