Uji wa Filimbi

Kabla sijaketi vizuri, jibuni kitendawili hiki. Ninaye mgeni chumbani: nikimnyima jirani chakula, mgeni hunenepa, nikimlisha jirani, mgeni hukonda. Ni nani? Wewe mdogo umesema panya. Si vibaya, ila huyu hana mkia. Na mji msinipe, kwa magoti haya nitautawala vipi? Sikilizeni tu, mtamkuta njiani.

Uani kwetu vyumba vilitazamana, bomba moja, choo kimoja. Ukuta wangu ulishikana na wa mama mmoja tuliyemwita Filimbi, maana habari yako aliipuliza mtaa mzima kabla wewe mwenyewe hujaijua. Mimi nilikuwa Mama Uji. Asubuhi niliuza uji pale langoni, wakinywa waashi na walinzi waliotoka zamu. Siku moja Filimbi akasimama bombani, mkono kiunoni.

"Jamani, mnakunywa tu? Mwenzenu huyu anachota maji ya uji kwa ndoo ya chooni. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Mwashi mmoja akaweka kikombe chini, akatema mate karibu na mguu wangu. Mate yale nayaona mpaka leo. Uji ukaanza kunichachia kwenye sufuria, nikawa naumwaga mtaroni, kisha nikaacha kupika. Nilimuuliza Filimbi mbele za watu, "Mwenzangu, kwa nini umesema vile?" Akacheka, akafunga mlango.

Miaka ikapita bila salamu. Kisha sukari ikamshika Filimbi, na mguu ukafanya kidonda. Muuguzi wa zahanati akasema kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, kifungwe upya, la sivyo mguu utakatwa. Mume alishakufa. Mkamwana wake alisukuma sahani mlangoni kwa ncha ya kidole, kama anayemlisha mbwa mkali, akakimbia.

Sasa akina mama wa kanisa letu walikuwa na desturi yao: mgonjwa huhudumiwa kwanza na jirani wa ukuta. Nikamfuata mchungaji.

"Baba, nipangie mgonjwa mwingine."

"Tumeagizwa kuwapenda adui zetu, mama. Au unaye adui mwingine?"

"Ninao wengi. Ila hao wananukia."

Akacheka mpaka akavua miwani. Mgonjwa hakunibadilishia.

Wenzangu walikuja siku ya kwanza, wakaimba wakiwa kizingitini, kanga puani. Mmoja akatupa kipande cha sabuni kitandani kwa mbali. Wakamwombea haraka haraka, wakaondoka. Walinichefua kuliko kidonda, na kidonda nilikuwa sijakifungua.

Nilipokifungua nikajuta kuzaliwa na pua. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama. Nililowesha, nikavuta, usaha ukatoka kama maziwa yaliyoharibika. Harufu iliniingia mdomoni, nikaionja. Shuka lilikuwa na mkojo wa jana na wa juzi. Nzi aliyetoka pale kidondani akaja kutua kwenye mdomo wangu. Nikatoka mbio, nikatapika mtaroni, palepale nilipokuwa namwaga uji.

"Kama huwezi, nenda zako," Filimbi akasema kutoka ndani. "Sikukuita."

Nikanawa uso, nikarudi. "Na mimi sikuja kwa kupenda. Lete mguu."

Msinisifu, wajukuu zangu. Upendo sikuwa nao hata wa kuazima. Niliomba nimeuma meno: Bwana, mkono ninao, moyo utaleta wewe. Kila nilipoosha nilimuuliza, "Kwa nini ulisema vile?" Naye kila nilipouliza aligeukia ukutani. Mikono niliisugua kwa sabuni na limau, bado nilipokula nilimnusa yeye kwenye tonge.

Asubuhi moja nikakuta sahani ya mkamwana haijaguswa, mchuzi umeganda, nzi wamejaa. Filimbi alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka. Mwenye sukari hakai na njaa, muuguzi alishatuonya. Nikaenda chumbani kwangu, nikaivuta sufuria ya zamani chini ya kitanda. Niliisugulia kwa majivu mbele ya mlango wake, wazi kabisa, ili aone na imchome. Nasema kweli, ndivyo nilivyotaka.

Nikaupika uji palepale, nikampelekea kwenye kikombe. Akautazama.

"Maji ya wapi?"

"Ya bomba. Kama siku zote."

Mkono haukuweza kushika, nikamnywesha. Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo pamoja na ute mzito wa njano, ukanidondokea mkononi, wa moto na wa utelezi. Nikamfuta kidevu kwa pindo la kanga yangu mwenyewe, maana kitambaa kingine hakikuwapo.

"Niongeze," akasema.

Nikamwongeza. Hapo, nikiwa bado na kichefuchefu, nikamtafuta yule mgeni wangu, chuki, niliyekaa naye miaka yote amenona kama nguruwe wa sikukuu. Nikamkuta amebaki mbavu. Kinyaa kilikuwapo chote, hakikupungua hata chembe. Chuki ndiyo iliyokonda.

Nikamuuliza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Mwenzangu, kwa nini ulisema vile?"

Hakugeukia ukutani. Aliiangalia sufuria pale mlangoni, inavyong'aa.

"Marehemu mume wangu," akasema. "Kila asubuhi alikiacha kikombe changu mezani kinafanya utando, akaja kunywa kwako. Siku ile nikamuuliza, uji wangu una nini? Akaniambia, nenda kwa Mama Uji akakufundishe kuosha sufuria. Ndipo nikatoka, nikaenda bombani."