Mpanzi Mwenye Jembe

Mimi sikujiunga na darasa la uchoraji pale Liverpool ili nifundishwe kupanda. Siku tano kwa wiki nafua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi nilitaka nishike kitu chenye rangi, basi. Lakini mwalimu wetu, Vanessa, alipotupa picha ya mpanzi ya Van Gogh tuinakili kwa ajili ya maonyesho, nilicheka. Mwanaume anatembea shambani anatupa mbegu kama analisha kuku! Kwetu, kule vijijini Walungu, ukipanda hivyo wakwe watakurudisha kwenu. Maharagwe ni shimo, mbegu tatu, fukia, sogea.

Nikamsahihisha. Lile jua kubwa nililiacha, na udongo wa zambarau nikauacha, maana ulinipendeza. Yule mwanaume nikamtoa. Nikamweka mama yangu, ameinama, jembe mkononi.

Sababu naisema wazi. Mama anaishi nami Ingleburn, mwaka wa nne huu, na tangu tufike huku ugenini hataki kabisa kuongea habari za nyumbani. Nikimwonyesha picha zangu anasema, "Ni nzuri," huku macho yakiwa dirishani. Hii nilitaka aikute ukutani, mbele za watu, aitazame kweli.

"Chibalonza, hii siwezi kuitundika," Vanessa akasema. "Maonyesho ni ya nakala. Hii si nakala."

Damu ikanipanda. "Mwalimu, wiki iliyopita ulitufundisha nini? Ulisema huyu mpanzi Van Gogh hakumtunga, alimtoa kwa Mfaransa, Millet, akambadilishia rangi. Ukasema alikusanya picha za Wajapani, akaziiga, na Japani kwenyewe hakukanyaga. Yeye alichukua vya watu akavigeuza, leo dunia nzima inamnakili. Nikigeuza mimi, ni kosa?"

"Lakini wewe mpanzi umemwondoa kabisa."

"Sijamwondoa. Nimemfundisha kazi."

Darasa likacheka. Vanessa hakucheka. Tulivutana wiki tatu, maana na mimi kichwa changu kigumu: kila Jumamosi naingia na picha kwapani, naitundika mwenyewe, yeye anaishusha. Jumamosi ya tatu alichoka. Akasema iache hapo, ila niandike chini imetoka kwa nani. Nikaandika: kwa Millet, kwa Van Gogh, kwa mama yangu.

Siku ya maonyesho Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Picha za wengine alizipita tu. Kwa yangu akasimama, akasimama sana, hata nikaanza kuogopa.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi, mama?"

"Mgongoni. Mbona mgongo mtupu? Jembe hili la mpini mfupi nalijua, nililishika mwaka uliozaliwa wewe. Nilipanda nikiwa nimekubeba. Kila nikiinama unalia, nikawa nakuimbia mpaka mwisho wa mstari."

Halafu akaendelea. Shamba lilikuwa upande gani, nani alikuwa mstari wa pili, mvua ilivyochelewa. Miaka minne sikuwa nimesikia hata neno moja la hayo. Nikalia pale pale mbele za watu, na sioni haya kusema.

Alipomaliza nikamwita Vanessa, nikamwomba aishushe picha.

Akanikodolea macho. "Wiki tatu umenitesa niitundike."

"Ndiyo, mwalimu. Ishushe, naenda nayo nyumbani. Kuna mtu nimemsahau."