Kukataa Mara Mbili

Meneja alipotangaza kwamba kazi ya kupanga jinsi programu yao itakavyoomba ruhusa amepewa mdogo wake, dada mtu alipiga makofi kama wengine, na roho ikamuuma hapo hapo. Programu ile ya kutumiana ujumbe aliiandika yeye, miaka sita iliyopita. Hata huyo mdogo wake, yeye ndiye aliyemfundisha kazi, kwenye meza ya chakula nyumbani kwao. Sasa simu zimekuja na mfumo mpya unaokataza programu kujitwalia kila kitu siku ya kwanza: ukitaka majina ya watu, omba, ukitaka maikrofoni, subiri mtu abonyeze kurekodi, ndipo uombe. Kazi ya kumjengea mtu jina, hiyo, ikakabidhiwa mikono aliyoikatia kucha mwenyewe.

Yeye aliachiwa kukagua tu.

Na sema usemalo, binti huyo mdogo wake alikuwa ameiweza. Maombi yalikuja kwa wakati wake, kwa maneno ya upole. Dada mtu alipekua akitafuta kosa, na kila alipolikosa alizidi kununa. Ilikuwa roho ya kwa nini, si kingine, na mwenyewe alijua.

Siku ya tatu akalipata. Alibonyeza kurekodi sauti, simu ikaomba maikrofoni, akakataa. Akabonyeza tena, akakataa tena. Mara ya tatu, kimya. Mfumo mpya ukikataliwa mara mbili hauulizi tena, na mdogo wake hakuwa ameweka njia ya kumpeleka mtu kwenye mipangilio ya simu iwapo atabadili mawazo. Kitufe kilibaki pale kama pambo. Mistari kumi na miwili ya msimbo ingetosha kukirekebisha.

Mchana mdogo wake alikuja mezani pake kuuliza kama kuna lolote. Hakuwa na uhakika na wale wanaokataa.

"Iko sawa," alisema dada mtu, akaipitisha.

Programu ilitoka Jumatatu. Jumatano meneja aliingia amefura: watu kibao hawawezi kutuma sauti, kosa la nani? Mdogo mtu akajibu kwamba kazi ni yake na kosa ni lake. Aliyekagua hakumtaja. Meneja akamvua kazi hiyo palepale, akamkabidhi dada mtu, ambaye alitikisa kichwa kwa masikitiko huku moyoni ni sherehe.

Mdogo wake alivuta kiti, akaketi kando yake na daftari, macho yamemwiva.

"Dada, nionyeshe nilipokosea. Nimetafuta tangu asubuhi, sijaona."

Kuombwa vile kulimlevya. Alisahau hata kujifanya anatafuta. Akaegemea kiti, kompyuta yake haijawashwa, akamweleza moja kwa moja: mtu akikataa mara mbili simu haiulizi tena, ulitakiwa umpeleke kwenye mipangilio, mistari kumi na miwili tu.

Kalamu ilisimama.

"Umejuaje, na hata hujafungua?"

Dada mtu alikodolea macho kioo cheusi cha kompyuta. Akaiwasha upesi, kana kwamba bado hajachelewa. Mdogo wake alimngoja, tena kwa subira kubwa kuliko dada mtu alivyostahili. Kisha akanyanyuka na kukirudisha kiti mahali pake.

"Hiyo mistari nitaiandika mwenyewe," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwita dada.